Klabu ya bao mtaani: namna ya kuikuza mpaka watu wagombee viti

Nenda kwenye baraza lolote la bao, iwe Ngamiani hapa Tanga, iwe Jaws Corner kule Unguja, iwe pale uwanjani mbele ya ngome ya Lamu, alafu hesabu vichwa. Wanaocheza ni wawili. Waliowazunguka ni kumi, saa zingine kumi na tano, wameshika vikombe vya kahawa, wanajua kila kete iko wapi, wanaguna mtu akikosea, na wengi wao hawajawahi kukaa kwenye hilo bao hata siku moja. Mtu anakwambia klabu yetu haikui hatupati watu, wakati watu wamesimama nyuma ya mgongo wake wanamhemea shingoni.

Mimi hili nimelijua kwa kijana mmoja, fundi pikipiki, alikuwa anakuja kila jioni karibu mwaka mzima, anasimama, magharibi ikiadhiniwa anaondoka. Siku moja nikamuuliza mdogo wangu mbona huchezi, akanijibu taratibu tu, "Kaka, hakuna mtu aliyewahi kunambia kaa." Iliniuma sana, maana na mimi nilikuwa mmoja wa hao ambao hawakumwambia. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa yote yameanzia kwenye hilo neno, kaa, na ni mambo ambayo tumeyafanya mpaka tukatoka kwenye bao moja na wazee sita tukafika mahali ambapo ukichelewa hupati kiti.

Kwanza kabisa: mfumo wa aliyefungwa anatoka

Hapa ndipo klabu nyingi zinapofia na watu hawaoni. Desturi ya baraza ni kwamba ukifungwa unanyanyuka, anakaa anayefuata, mshindi anabaki. Ni desturi tamu kwa mabingwa, sina ugomvi nayo. Ila hebu ifikirie kwa macho ya mgeni: kasubiri saa nzima zamu yake, kakaa, kakutana na fundi ambaye amecheza bao tangu kabla yeye hajazaliwa, kafungwa kete za mkononi hata hazijaisha, kanyanyuka, na zamu nyingine mpaka kesho. Huyo atajifunza lini? Na fundi naye amekaa palepale tangu alasiri anawafunga watu walewale.

Msiifute desturi, wazee watanuna na watakuwa na haki. Ongezeni mabao. Mkiwa na matatu mambo yanabadilika kabisa. Bao la kwanza ni la mabingwa, hapo aliyefungwa anatoka kama kawaida. La pili ni la watu wa kati, hapo kila mtu anacheza mechi mbili, ukishinda ukishindwa ni mbili, mnanyanyuka wote wawili. La tatu ni la wanafunzi na hapo mnageuza kanuni, ALIYEFUNGWA NDIYE ANAYEBAKI, mshindi ndiye anayempisha mwingine. Yani anayehitaji mazoezi ndiye anayekaa muda mrefu. Sisi tulipoanza hivi watu walishangaa kidogo, lakini kwenye wiki mbili tatu hivi wale wasimamaji walianza kukaa mmoja mmoja, maana kufungwa kulikuwa hakukufukuzi tena.

Na mpeni mtu kazi ya kusema kaa. Kweli kabisa, achaguliwe mtu, na asiwe bingwa, maana bingwa akili yote iko kwenye kete. Awe mtu mchangamfu anayejua majina. Kazi yake ni kuangalia nani kasimama siku ya pili au ya tatu bila kucheza, anamsogelea anampa shikamoo kama ni mkubwa wake, au anamwita mdogo wangu, dada, shem, kulingana na alivyo, anamuonyesha kiti.

Mabao na kete

Hamna haja ya kuagiza kitu mbali. Fundi seremala yeyote anayejua kuchonga atakutengenezea, mistari minne, mashimo nane kila mstari, jumla thelathini na mbili, na ile nyumba ya kila upande, yani shimo la nne kutoka kulia kwa mchezaji mstari wa mbele, aichonge mraba ili mwanafunzi aione bila kuuliza. Mwambie mashimo yawe na kina cha kutosha vidole viingie, mabao mengi ya kuuzia watalii yamechongwa maua mazuri pembeni lakini mashimo ni kama visahani, ukimwaga kete kwa kasi zinaruka nje. Mbao iwe nzito isitembee juu ya meza. Kabla fundi hajamaliza mnaweza kufundishia kwenye mchanga, mashimo ni mashimo.

Kete ni komwe, na komwe kwa sisi wa pwani zipo kwenye vichaka karibu na bahari, ila vaa kitu mkononi maana mkomwe una miiba mpaka kwenye maganda yake. Bao moja linataka kete 64, kila mchezaji 32. Mkiwa na mabao matatu ni 192, okoteni 220 au zaidi kwa sababu zinapotea, watoto wanazichukua, zinaingia kwenye mitaro. Kila bao na mfuko wake, na kila usiku kabla ya kufunga zihesabiwe. Bao lililopungua kete mbili mtu hagundui mpaka katikati ya mchezo na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Darasa, na hapa naomba msiharakishe

Wazee wengi hawajui kufundisha, na sisemi kwa kuwadharau, wao wenyewe walijifunza kwa kusimama na kutazama kwa hiyo wanaamini kila mtu atajifunza hivyohivyo. Mkono unapita bao zima kete zinalia tatatata, mwanafunzi haoni hata kilichotokea. Kwa hiyo darasa lifanyike kabla ya saa ya kawaida, sisi tumechagua Jumamosi saa tisa na nusu mchana, watu wanne tu kwa mwalimu mmoja.

Anzeni na bao la kujifunza. Kila shimo kete mbili, yani 16 mara 2 ni 32 zako zote ziko chini, hakuna za mkononi. Hapa mtu anajifunza vitu vitatu tu: kusambaza kete moja moja kwa kila shimo, kula pale kete ya mwisho inapoangukia shimo lako la mbele lenye kete na la mwenzako linalotazamana nalo lina kete pia, na kujua kwamba kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu umelala, zamu si yako tena. Wacheze hivi hata wiki mbili. Mkono uzoee kwanza.

Alafu ndio mnaingia bao lenyewe la Kiswahili. Nyumba, ambayo ni shimo la nne kutoka kulia kwako mstari wa mbele, inawekwa kete 6. Mashimo mawili yanayofuata kulia kwake 2 na 2. Hizo ni kumi, 22 zinabaki mkononi. Sasa ndio kunamua, kila zamu unatia kete moja ya mkononi kwenye shimo lako la mbele ambalo si tupu, na kama kuna pa kula lazima ule, huwezi kusema mimi leo sili. Mwanafunzi aelewe kwamba kete alizokula hazianzii popote anapotaka, zinaanzia kichwani, yani shimo la mwisho la mstari wa mbele, kulia au kushoto kwa kuchagua, isipokuwa kama amekula kwenye kichwa au kimbi, lile shimo linalofuata kichwa, hapo lazima aanzie kichwa cha upande huohuo. Hili la kimbi ndilo linalowachanganya wengi, mimi mwenyewe namrudishia mtu mara kumi bila kuchoka. Mezani kwetu kuna karatasi ya manila imechorwa bao lenye rangi, kimbi nyekundu, nyumba kijani, basi.

Kisha mweleze habari ya nyumba, kwamba kete ya mwisho ikifika nyumbani wakati wa kunamua akiwa bado ana nyumba yake na hana pa kula, anaweza kulala au kusafiri, yani kuchukua kete zote za nyumba aendelee kusambaza, na akisafiri nyumba imevunjika. Hapa ndipo utamu wa bao ulipo na hapa ndipo utaona macho ya mwanafunzi yanabadilika, maana anagundua kwamba hii siyo bahati, hii ni hesabu na subira. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, mnacheza na zilizopo chini, shimo lenye kete moja halichezeki. Unashinda mwenzako akibaki hana kete mstari wa mbele au hana pa kucheza. Habari za kutakasia na makona mengine yote ziacheni kwanza, atakutana nayo na atauliza mwenyewe.

Mtu wa pembeni kumsemea mchezaji, hili lazima mliamue mapema. Kwenye bao la wanafunzi tumeruhusu, tena tunataka, mtazamaji akisema "hapo utalala" anafundisha na yeye anajifunza. Kwenye la mabingwa marufuku, mdomo ufungwe mpaka kete ya mwisho. Sheria mbili, mabao mawili, na ziandikwe ukutani kabisa.

Mahali na saa

Msicheze asubuhi siku za kazi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu viongozi wamekuwa wakikemea vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, na mkionekana mmejazana chini ya mwembe saa nne asubuhi hamtaulizwa kama huo ni mchezo wa akili, mtaitwa wazururaji tu. Anzeni baada ya alasiri, pumzikeni magharibi, rudini baada ya isha kama taa ipo. Kuna watu bado wanaona bao ni kazi ya wasio na kazi, wakumbusheni kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wa bao na nchi aliiongoza vizuri tu, hawawezi kusema hakuwa na shughuli.

Mkaribisheni muuza kahawa kabla hata hamjamkaribisha mwenyekiti wa mtaa. Kweli. Kahawa chungu na kashata ndizo zinazomfanya mpita njia asimame dakika tano, na zile dakika tano ndio mlango wa klabu. Sisi muuza kahawa tunamuwekea kiti chake na kivuli, hatumtozi kitu, na yeye kila akitembeza mitaani anawaambia watu leo kuna mechi flani. Hakuna tangazo linaloshinda hilo.

Kuhusu kina mama na wasichana. Baraza kwa desturi yetu ni mahali pa wanaume, na mkisema tu "wanawake wanakaribishwa" hamtamuona hata mmoja, kwa sababu hakuna mwanamke atakayepita katikati ya wanaume ishirini akaulize nikae wapi. Wanaojua kucheza wapo, tena wengine wamefundishwa na babu zao nyumbani. Kilichotusaidia ni kupata sehemu yenye choo safi na mwanga, Jumapili mchana, na kuanza na akina dada watatu waliokuja pamoja, hakuja mmoja peke yake. Mwalimu wao akawa mama mmoja wa makamo ambaye kumbe alikuwa anawafunga kaka zake tangu utotoni. Sasa hivi kwenye bao la kati kuna binti anasumbua watu vibaya sana, wazee wanamwita mjukuu na wakikaa naye wanakunja mikono ya kanzu.

Na Ramadhani msiipoteze. Baada ya tarawehe watu hawalali, wako macho mpaka daku, mitaa imechangamka kuliko miezi yote, wenye keram wanatoa keram, wenye dhumna wanatoa dhumna. Huo mwezi peke yake unaweza kuwaletea watu wengi kuliko miezi sita mingine, mradi tu siku ya Idi mosi muwe mmeshaandika majina na namba zao, maana Shawwal ikiingia wanatawanyika.

Michezo mingine muiruhusu?

Wapo wanaosema klabu ya bao ni ya bao tu. Mimi naona meza moja ya drafti na moja ya keram hazidhuru kitu, zinasaidia hasa. Drafti kila kijana anaijua, ubao wa kuchora na vizibo vya soda kumi na mbili kwa kumi na mbili, vya upande mmoja vimelala na vya mwingine vimegeuzwa, gharama karibu hakuna. Anayesubiri bao anacheza drafti, haondoki. Dhumna inataka watu wanne na kelele zake mnazijua, iwekeni mbali kidogo na bao la mabingwa. Chess ipo pia na vijana wa vyuo wanaipenda, na wale wenye ndugu ulaya saa zingine wanakuja na maboksi ya michezo mipya kama Catan, nzuri, ila maelezo yake ni marefu na yako kwa Kiingereza, kwa hiyo iwe ni usiku wake maalum na mtu mmoja anayeijua aielezee kwa Kiswahili, vinginevyo boksi linakaa kabatini.

Kitu kimoja watu hawakifikirii ni majirani zetu. Mganda anayejua omweso, Mnyarwanda anayejua igisoro, Mmalawi anayejua bawo, wote hao wamekulia kwenye mashimo nane mistari minne na kete 64. Kanuni zinatofautiana lakini mkono tayari unajua kusambaza. Kama mji wenu una madereva wa malori, bandari, au chuo, ulizeni. Mkaeni nao waonyeshe wa kwao, nanyi mwonyeshe wa kwenu, jioni moja tu ya hivyo watu wataiongelea mwezi.

Hela

Hela mezani HAPANA. Hata mia tano, hata soda ya kushindania kila mchezo. Siku hela inapoingia mwanafunzi anaondoka kwa sababu yeye ndiye anayeliwa kila siku, wake wa watu wanaanza kulalamika, na kisheria mnaweza kuhesabiwa mmeingia kwenye michezo ya kubahatisha ambayo ina sheria yake ya mwaka 2003 na bodi yake, na nyie hamna leseni. Tuliwahi kulegeza hapa kwetu kwa muda mfupi na tulipoteza watu wazuri ambao mpaka leo hawajarudi.

Ada iwe ndogo na ya wazi. Kila mwanachama anatoa kiasi kilekile kwa mwezi, mwanafunzi miezi miwili ya kwanza hatoi kitu, pesa inaingia kwenye simu ya kikundi na sio kwenye simu ya mtu, mweka hazina anabandika matumizi kwenye grupu la WhatsApp kila mwisho wa mwezi: taa kiasi gani, viti, kete, maji. Ikifichwa hata elfu mbili watu watadhani ni laki mbili.

Mashindano

Msianze na mtoano, nawasihi. Mkiwa 16 mtoano unawatoa 8 baada ya mchezo mmoja, nusu ya watu wenu wamekuja kwa hamu wamevaa vizuri wamecheza robo saa wamegeuka watazamaji tena, kulekule tulikotoka. Fanyeni makundi manne ya watu wanne, kila kundi ni michezo 6, jumla 24, kila mtu anacheza mitatu hata kama ni dhaifu namna gani, na kwa mabao manne siku moja inatosha kabisa. Vinara wa makundi ndio waingie mtoano wa mwisho. Mkiwa wanane tu chezeni ligi, kila mtu na kila mtu, michezo 28, mnaisambaza kwenye wiki nne, saba kila Jumamosi.

Na tengenezeni ngazi. Ubao mweusi, chaki, majina yote kuanzia juu mpaka chini. Mtu anaruhusiwa kumwita aliye juu yake kwa nafasi moja au mbili, akimfunga wanabadilishana. Aliyeitwa hakatai zaidi ya wiki moja. Hii ngazi ndio imetufanyia kazi kuliko kombe lolote, kwa sababu aliye nafasi ya 23 hana ndoto ya kumfunga bingwa, ila yule wa 22 anamjua, wanakaa mtaa mmoja, na atarudi kesho kwa ajili yake. Yule fundi pikipiki alianzia chini kabisa kwenye chaki.

Mkishakuwa imara tafuteni mechi za nje, klabu kwa klabu, watu watano kwa watano. Na mkiweza kusafiri, kwenye tamasha la utamaduni la Lamu bao huwa linashindaniwa pamoja na mbio za punda na mashua, ni safari ndefu kutoka kwetu lakini kumwona mtu wa mbali anatumia nyumba yake kwa namna ambayo hujawahi kuifikiria ni darasa ambalo hapa hulipati.

Usajili na uongozi

Mkiwa kumi hamhitaji makaratasi, mwambieni mwenyekiti wa mtaa na inatosha. Mkianza kukusanya ada na kualika klabu za nje, nendeni kwa ofisa michezo wa halmashauri awaelekeze, klabu za michezo Tanzania bara zinasajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, Unguja na Pemba wana taratibu zao. Mtatakiwa muwe na katiba, na msiogope neno katiba, ni kurasa chache za nani mwanachama, ada ngapi, viongozi wanakaa muda gani, mgogoro unaamuliwa na nani. Hapo kwenye mgogoro wekeni wazee watatu ambao sio viongozi.

Uongozi usiwe wa mabingwa tu. Kwenye kamati ya watu watano angalau wawili wawe wameingia ndani ya mwaka huu, kwa sababu wao bado wanakumbuka ilivyokuwa kusimama nyuma bila kujua pa kukaa.

Mkishajaa

Itafika siku mabao sita hayatoshi, watu arobaini wako uani, wasimamaji wamerudi tena pembeni na yule wa kusema kaa hana kiti cha kumuonyesha mtu. Msikodi ukumbi mkubwa. Gawaneni. Angalieni wanachama wengi wanatoka mtaa gani, pelekeni mabao mawili kule pamoja na kete zilizohesabiwa, na mwalimu mmoja aende nao miezi mitatu ya kwanza, ile manila ya kimbi nyekundu na nyumba ya kijani wachorewe nyingine, na muuza kahawa wa kule apewe habari wiki moja kabla.